Hodi ya Fundi Redio

Zamani watu wa Kibiti walipiga hodi wakangoja kujibiwa, lakini tangu ije ruksa ya biashara huria hata mchuuzi wa mitumba huingia mpaka uani. Mzee Twalibu alimjua mmoja tu aliyebaki na adabu hiyo, fundi redio wa karibu na stendi, naye alikipigia hodi chombo cha angani alichokiunda kwa makopo ya maziwa, kirefu kama chupa ya chai. Kila mara kabla ya kuingiza kibano aligonga kimlango kwa ukucha, akangoja, ndipo akatandika ndani kimkeka cha ukindu, au akaweka kikombe cha kifuniko cha dawa ya meno.

“Fundi, nani atakayeviona humo?”

“Binti yangu, mzee. Tangu mamba amchukue hana pa kulala.”

Mara ya mwisho Twalibu alimwona fundi huko Ndundu, kando ya mto. Baruti ililipuka, chombo kikapaa juu ya mto, kisha mwavuli wa kitambaa ukakishusha taratibu mchangani. Fundi akapiga magoti, akagonga. “Hodi, mwanangu.” Kutoka ndani kitu kikagonga, polepole, kama kwa ukucha. Fundi akatabasamu, akafungua kimlango. Twalibu akaondoka bila kuaga.