Sikio la Panya wa Mama Mumbua

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Nilikuwa kijana wa Mbooni, nimepata kazi ya kutunza panya weupe katika maabara ya saratani. Panya walipandikizwa kipande cha uvimbe wa mgonjwa, kisha wakapewa dawa mpya inayolenga uvimbe wa aina hiyo. Uvimbe ukinywea, daktari alipata tumaini kwamba dawa ingemfaa mgonjwa mwenyewe. Kizimba changu kilikuwa cha panya wenye uvimbe wa Mama Mumbua, mwalimu wa Sunday school wa kwetu.

Basi nikaenda harusini nyumbani, nikasahau kujaza maji. Niliporudi, panya mmoja alikuwa amekufa. Nikaogopa kufutwa kazi. Nikachukua panya mwingine, mzima kabisa, nikamkata sikio kwa alama ileile ya kumtambulisha aliyekufa, nikamtia kizimbani. Ujinga gani huo!

Daktari alipompapasa, hakuona uvimbe. Akafurahi, na bila kungoja wale wengine, akaanza kupanga Mama Mumbua aachishwe matibabu yake ya zamani apewe dawa hiyo. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza, mwanangu!

Aliyenikamata ni Syombua, mama mmoja kutoka Nuu aliyesimamia wanyama. Alimwinua panya yule, akamtazama sikio.

"Hii alama umekata jana," akasema. "Mimi nimekata mbuzi masikio tangu nikiwa mtoto. Kidonda mpya naijua."

"Lakini mama, ni panya tu."

"Panya tu? Na Mama Mumbua akikufa, utachukua mama mwingine umweke kwa kitanda yake?"

Akanishika mkono hadi kwa daktari, nikasema yote, Mama Mumbua mwenyewe akiwa ameketi pale. Alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba dawa imepatikana. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Na hao panya wengine, uvimbe yao iko aje?"

Daktari akakiri kwamba unazidi kukua. Mama akaomba aendelee na matibabu yake.

Sasa wewe unanipigia simu ukicheka, eti panya watatu wa maabara yenu walikufa mkawatoa kwenye ripoti ili ipendeze. Impendeze nani? Nimekasirika, sikufichi. Panya akifa, andika amekufa. Ukikosea, sema umekosea, hata kama utafutwa. Na hata uvimbe ukiisha kweli kwa panya, usimwahidi mgonjwa kwamba atapona, maana panya si mtu. Kesho asubuhi rudi ukawaandike hao watatu.

Mungu akulinde, mwanangu, na akupe ulimi usioogopa bosi.