Kiti cha Baba Alikikalia Mjomba

Nimezeeka sasa, na kosa hili ni langu mwenyewe. Enzi za Wajerumani, huku kwetu Uluguru alitakiwa kijana mmoja akasome chuo kikubwa Ulaya. Nikachaguliwa mimi, ila Bwana Mkubwa pale Morogoro alitaka kwanza ridhaa ya baba.

Nilichanganyikiwa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Basi nikampeleka mjomba, na kwa Kijerumani, lugha asiyoijua, nikasema, "Huyu ndiye baba yangu." Akapewa kiti.

Mjomba alipokwisha kutia kidole wino, baba akatokea mlangoni na mkungu wa ndizi kichwani, amekuja kuniaga. Bwana akauliza yule ni nani. Akili ilinipotea kabisa. Nikajibu, tena kwa Kijerumani, "Mpagazi wetu."

Mjomba akainuka upesi, akakipangusa kiti.

"Shemeji, njoo ukae wewe. Mwanao huyu anakwenda Ulaya."

Bwana alikijua Kiswahili kuliko mimi nilivyokijua Kijerumani. Baba akaketi, anatabasamu, huku jina langu likikatwa mbele yake.