Kipande Cheusi cha Jiko la Maganda

Niambieni ninyi: kitu kimejaa weusi, na kazi yako ni kuosha, utakiacha hivyo hivyo?

Mimi ndiye mwosha kahawa wa kikundi chetu hapa Litembo. Kahawa ikibaki na utelezi, bei inashuka na lawama ni zangu. Juzi mtaalamu, binti wa chuo kikuu, alituletea jiko linalotumia gesi ya maganda ya kahawa. Akaweka juu ya meza yangu kipande chenye matundu kama sega la nyuki. Akasema mashine ya kompyuta ndiyo iliyokichapa, tabaka juu ya tabaka, na kikiwa jikoni gesi inawaka bila moshi. Kisha akaenda kuwasalimia wazee.

Kipande chenyewe cheusi tii! Wageni wanakuja, na meza ni yangu. Nikachukua majivu, brashi na sindano, nikasugua tundu moja moja mpaka kikawa cheupe kama yai.

Wanachama walipokusanyika, nikakitia jikoni mwenyewe, tukawasha. Jiko likafuka moshi, watu wakakohoa. Nikasimama kwa hasira.

"Mwanangu, umetuletea kitu kichafu, na hata baada ya kukuoshea bado hakifanyi kazi!"

Binti akakitoa kwa koleo, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mama yangu," akasema taratibu, "ule weusi ndio dawa inayouunguza moshi. Hiki cheupe ni cha kuushikilia weusi tu. Sasa weusi wenyewe uko wapi?"

Kikundi kizima kilikuwa kinatazama kucha zangu, nyeusi tii.