Ninaogopa kupanda ndeke na paka ya binti yangu

Admin, ninakuomba ufiche jina yangu, juu hapa mu kambi tunajuana wote.

Mi ni mama wa miaka makumi tatu na mbili, mukongomani, ninakaa mu kambi ya wakimbizi huku Nchelenge, Zambia. Ninalima mihogo. Bwana yangu eko Kanada, mwaka ya tatu sasa. Alituombea makaratasi na yamekubaliwa. Kisha juma mbili, mi na binti yetu tutapanda ndeke kumufuata. Binti nitamuita Neema, lakini siyo jina yake ya kweli. Eko na miaka kenda. Batu banasema niko na bahati, na mi ninaogopa ata nikienda kuchota maji.

Woga inatokea ku paka. Najua bamoja mutacheka. Neema eko na paka anaitwa Redio, juu hanyamazi. Alimupata kwa Bana Mulenga, mama mubemba wa kijiji ya Kabuta anayetuletea samaki na baiskeli. Redio akisikia ile baiskeli analia, akifungiwa mulango analia, mvua ikinyesha analia. Neema alisema bila Redio haendi. Bwana yangu akauliza batu ba ndeke, bakasema paka anaweza kukaa ndani na sisi, mu kitunga, kikapu yake, chini ya kiti. Ikabaki tu sindano na karatasi ya dokta wa nyama.

Mbele ya kuwaambia mambo ya kwa dokta, kuna kitu sijaambia mutu, ata bwana yangu.

Wakati tulikimbia Congo, yeye alikuwa ametangulia Zambia kututafutia fasi. Mi nilibaki na Neema, alikuwa na miezi tano. Asubuhi moja tulikuwa batu kumi na moja, tumejificha mu matete pembeni ya ziwa, tunangoja bwato ituvushe. Batu ba bunduki bakapita ku njia ya juu yetu. Karibu sana, nilisikia mumoja anakohoa. Neema akaanza kulia. Baba mumoja aliyekuwa nyuma yangu akasema polepole, "Mama, huyu mutoto atatuuwa wote."

Nilimufunga kinywa na mukono. Na pua pia, ndugu. Nilijua ni pua. Akanyamaza, na mi sikutoa mukono. Nilingoja mpaka miguu yao imepotea kabisa. Kutoa mukono, mutoto alikuwa amelegea sawa kitambaa, midomo imekuwa nyeusi. Mama muzee mumoja alinipokonya, akamupiga mugongo, akamupulizia mu kinywa. Sijui ilikamata dakika ngapi. Akalia tulipokuwa tayari mu bwato. Ule mama muzee hakunisemesha tena. Tulipofika huku, kila mutu akashika njia yake, na sijamuona tena mutu wa ile siku. Bwana yangu alitupokea, akamubeba mutoto, akacheka.

Sasa, juma iliyopita tulipanda basi kwenda Mansa kwa dokta. Redio alianza kulia mbele ata basi itoke. Batu balinung'unika, mama mumoja akasema ni paka ya uchawi, lakini nilivumilia. Neema alikuwa anamuimbia. Mbele kidogo kulikuwa kizuizi. Basi ikasimama, dereva akazima injini, bote bakanyamaza, na askari mbili bakapanda na bunduki kuangalia makaratasi. Viatu vyao vikawa vinakuja, kiti kwa kiti. Mu ile kimya Redio akapiga sauti ya mutoto muchanga.

Kisha pale sikumbuki vizuri. Ninakumbuka maumivu. Neema alikuwa ananiuma mukono na meno, ananivuta vidole kimoja kimoja. Mukono yangu ilikuwa ndani ya kitunga.

"Mama, eko anakufa," alisema.

Askari alikuwa amesimama mbele yetu. Alikuwa kijana tu, na uso ya huruma. Aliangalia paka, akaniangalia, akasema kwa Swahili ya kuvunjika kwamba ni paka tu, mama, haina kosa. Hakuuliza ata karatasi. Redio alilala bila kutikisika, kisha akakohoa, akatapika ku nguo ya Neema. Alipona. Dokta alimuchoma sindano, akaandika kila kitu. Nilimuomba dawa ya kumulalisha mu ndeke, akakataa, akasema paka anaweza kufa nayo kule juu.

Tukiwa tunarudi, Neema alikaa kiti ingine, kitunga ku magoti. Alikuwa anamupangusa Redio mpaka karibu tufike. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Mama, juu ya nini ulikuwa unamuita na jina yangu?"

Nilimujibu nilikuwa nimechoka.

Tangu ile siku hanipi paka ata nimushike. Analala akielekea ukuta. Bana Mulenga anasema nimuachie Redio, kwake samaki haikosekani, na bwana yangu ku telefone anasema nisifanye mutoto alie juu ya kitu kidogo. Yeye hajui. Mu ndeke tutakuwa tumefungwa masaa mengi, paka atalia, batu batatugeukia, na hakuna fasi ya kushuka. Ndeke yenyewe hainiogopeshi. Ninaogopa mukono yangu. Na Neema atakuwa amekaa pembeni, ananiangalia.

Ndugu zangu, wale muliopita mu mambo sawa haya, munipe shauri. Nimuache paka, Neema anichukie kwa kitu anachokijua? Ao nimuambie kweli, yeye na baba yake, mbele ya kupanda ndeke? Eko na miaka kenda tu. Na kama ni kumuambia, nianze na neno gani?