Maganda Niliyoyaponda

Juzi, hapa kwetu Tanga, nilimwona mtoto akiponda makopo ya soda kwa jiwe, nikaikumbuka alasiri moja ya Riyadh.

Baba alikuwa dereva wa bosi mmoja kule mtaa wa Al-Malqa. Siku hiyo bosi alirudi kutoka kulenga shabaha, akanikabidhi mfuko wa maganda ya risasi ulionuka baruti. "Safisha," akasema. Niliyasugua kwa ndimu na majivu mpaka yakang'aa, kisha nikayaponda yote. Kandara, Jeddah, tulikoishi kwanza, ndivyo tulivyouza shaba chakavu. Leo, mimi mwenye stashahada ya ufundi mitambo, najua ganda zima hujazwa baruti upya likatumika tena, na bosi ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kazi hiyo.

Alipoyaona, alimwita baba. Baba alinigeukia haraka, maana ikama zetu, vibali vya kuishi kule, zilikuwa mikononi mwa bosi.

"Muombe radhi, mwanangu."

"Alisema nisafishe, baba. Hakusema anayataka mazima."

Bosi aliufunga mfuko. "Halas, yaishe, Salimu," akamwambia baba. "Binti yako ana mdomo kumshinda madam, mke wangu." Akaingia ndani.

Hatukufukuzwa. Baba alinisihi wiki nzima nikaombe radhi. Sikuomba, na sijaomba mpaka leo.