Ngome Yangu ya Jericho

Nikikumbuka siku niliyovua suruali mbele ya baba yake Nekesa, hadi leo natamani kujifunika gunia, na mkinicheka sitawalaumu. Miaka ya sabini hiyo, nauza vitabu vikuukuu soko la Jericho, namtaka Nekesa tuoane, na baba yake, Mzee Wafula, mtu wa Bungoma anayependa habari za ngome za udongo za babu zake kuliko chai, amekuja Jumapili kunipima kama nafaa. Nami nilikuwa nimepitia kitabu kimoja cha ngome za Wazungu wa kale (picha tu, maneno yalikuwa mengi), nikaelewa kwamba kilima chenye handaki kilijengwa na watu, kisicho nalo ni cha Mungu, na nyuma ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, palikuwa na kilima kimezungukwa na mtaro, basi nikasema, hapa hapa namnasa mzee.

"Mzee, hii ni ngome ya kale," nikatangaza, majirani wakisogea.

"Udongo wote huu ulitoka kwenye kamtaro haka? Mbona udongo wake haujazi hata karai?" Mzee akauliza.

Mwenye akili angekubali tukanywe soda. Mimi nikaazima mwavuli wake, nikapanda, nikatoboa kilima nimwonyeshe udongo ulivyoshindiliwa kwa mikono. Kumbe ni kichuguu! Mchwa wenye vichwa vyekundu wakatoka na hasira zao, nami nimevaa bugaluu (miguu ya suruali mipana kama mlango wa kanisa), wakaingia bila kubisha hodi.

"Naona ngome yako ina askari," Mzee akasema.

Nikaruka, nikapiga mayowe, walipofika pasipotajwa nikaitupa suruali kule. Watoto wakashangilia, lakini Waluhya wote waliokuwapo, watu wa kabila la Mzee, wakageuza nyuso, maana kwao kijana kumvulia nguo baba mkwe ni mwiko mzito. Nikajua Nekesa nimemkosa.

Mzee akaniambia huku ametazama ukuta, "Utaleta mbuzi wa kutusafisha."

"Mzee wangu, kwani kuku hatoshi?" nikaanza kupatana bei, nimebaki na chupi tu.

Nekesa, aliyekuwa kati ya majirani, akanirushia leso nijifunge kiunoni. "Nyamaza, we mjinga! Mbuzi hutozwa mkwe. Mtu baki angefukuzwa tu!"

Nikapeleka mbuzi wawili. Ila vilima sipandi tena, na nikiona mtu anachokoa udongo namwambia kwanza achomeke suruali kwenye soksi.