Mume wangu alikataa kumpa mtoto jina lake, sasa mtoto amenyimwa mafao

Admin, naomba unifichie jina, maana mashemeji zangu wamo humu. Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, naishi Mazinde. Mume wangu alifanya kazi shamba la mkonge, alifariki mwaka jana kabla ya Ramadhani. Hatukujaaliwa kuzaa. Tunaye binti tuliyemlea, nimwite Zuhura, sasa yuko darasa la saba.

Mama yake alifariki kwa uzazi. Baba yake, nimwite Bakari, mtu wa Handeni, alikuwa akikata mkonge pamoja na mume wangu. Alikuja akasimama mlangoni na kichanga ndani ya khanga. Mume wangu akamwambia, "Mpe shemeji yako huyo mtoto, wewe ingia unywe chai." Ndivyo nilivyokuwa mama. Bakari naye aliugua akafariki kabla mtoto hajajua kusema vizuri.

Siku ya kuandikisha cheti cha kuzaliwa nilimwambia mume wangu amwandikishe kwa jina lake. Alikataa. "Mama Zuhura, dini hairuhusu kumbadilishia mtoto nasaba. Bakari hakumwachia shamba wala ng'ombe. Kamwachia jina tu, na hilo nalo tulichukue?" Niliona ana haki, na mpaka leo naona hivyo.

Si kwamba hakumpenda. Akitoka kazini alikung'uta kwanza nyuzi za mkonge kwenye shati zisimchome mtoto, ndipo amnyanyue. Halafu aombe maji, aulize, "Nani huyu kaniletea maji?" Mtoto ajibu kwa sauti, "Zuhura Bakari!" Wacheke kana kwamba ni mara ya kwanza.

Sasa nimefuatilia mafao Korogwe mpaka nimechoka. Leo mtandao haupo, kesho mhusika yuko semina, rudi Jumatatu. Mwishowe fungu langu la mjane likapita, nalo ni la unga na mafuta ya taa tu. La mtoto likakataliwa. Kijana wa dirishani akaniambia, "Mama, cheti kina baba mwingine. Huyu si mtoto wa marehemu."

Nikamwambia, "Mwanangu, nimemlea tangu kitovu hakijadondoka."

"Pole, mama. Mngemwasili mahakamani, awe mtoto wenu kisheria, mzee akiwa hai, leo tusingekuwa na maneno."

Nani alituambia? Miaka yote hiyo tulidhani kulea kunatosha. Nikaenda ustawi wa jamii kuuliza kama sisi walezi tuna msaada wowote. Yule dada alinisikiliza vizuri, akasema, "Mungu atakulipa, mama." Najua atanilipa. Lakini sare za sekondari zinatakiwa Januari.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaja na shauri lake. "Shemeji, tunaapa kwamba Zuhura ni damu ya kaka, alizaa nje mkaficha. Ukoo mzima tutasimama, cheti kitabadilishwa."

Nikasema, "Nimsingizie mume wangu zinaa, naye yuko kaburini?"

Akacheka. "Wewe na kaka, na uaminifu wenu! Haya, uaminifu unanunua madaftari?"

Na kinachoniumiza ni kwamba shemeji si mtu mbaya, anamwonea huruma mtoto. Kama tungedanganya tangu mwanzo, leo Zuhura angepata haki yake bila kusumbuliwa. Tulisema kweli, kweli imemfungia mlango.

Juzi nimetoka shambani na kiu, Zuhura akaniletea maji. Sijui ilikuwaje, nikajikuta namuuliza, "Nani huyu kaniletea maji?" Tangu msiba hakuna aliyemuuliza hivyo. Akajibu kwa sauti ileile, jina lake na la baba yake, akatabasamu.

Shemeji anakuja Jumapili na karatasi ya kiapo, anasubiri saini yangu. Ndugu zangu, nisaini mtoto asome, au nimwachie jina lake tuhangaike? Nishaurini, nifanye nini?